London, Firenze au Bruges: uanze na mji upi kujifunza maisha ya mjini katika Ulaya ya zama za kati?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mwanafunzi anatafuta mada ya tasnifu. Mwandishi wa riwaya anatafuta mtaa wa kuwaweka wahusika wake. Mwalimu wa historia amegundua kwamba darasa lake linaijua Ulaya ya zama za kati kwa ngome, mapadri na wapiganaji wa farasi tu, na sasa anamtafuta mwokaji mikate, mfumaji na mama muuza samaki. Wote hukwama palepale: miji ilikuwa mingi, kila mmoja umeandikiwa shehena ya vitabu, na hujui ushike upi kwanza.

Nimechagua mitatu ambayo naamini inamfaa anayeanza: London ya Uingereza, Firenze ya Italia, na Bruges katika nchi ya Flanders, leo Ubelgiji. Yote ilikuwa mikubwa kwa kipimo cha wakati wake. Mwanzoni mwa karne ya 14 Firenze inakadiriwa kuwa na watu kama 100,000, London kama 80,000, na Bruges kati ya 40,000 na 50,000. Kisha tauni ya 1348 na 1349 ikaingia, na London na Firenze zikapoteza karibu nusu ya watu wao, pengine zaidi. Nazungumzia hasa miaka ya 1250 hadi 1450. Kwa msomaji wa pwani, ni zama zilezile ambazo Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Vigezo

Nitaipima miji hii kwa mambo manne: maandishi yaliyobaki, namna watu walivyopata riziki, nyumba, maji na uchafu, na hali ya wanawake pamoja na wale ambao hawakuwa na sauti. Mwishoni nitagusa kile ambacho macho yanaweza kukiona leo.

Kigezo cha kwanza ndicho kizito. Watu wa kawaida wa zama zile ni nadra sana walioketi kutuandikia jinsi siku yao ilivyopita. Tunawaona pale tu walipopita mbele ya karani, na karani wa kila mji alikuwa na shughuli yake. Wa London aliandika ugomvi na vifo. Wa Firenze aliandika mali na midomo ya kulishwa. Wa Bruges aliandika madeni na wageni. Ukichagua mji, umechagua na karani atakayekuwa macho yako. Ndiyo maana siwezi kumwambia kila mtu aende mji mmoja.

Maandishi yaliyobaki

London imehifadhi kesi za majirani kuanzia 1301 hadi 1431. Wanashtakiana kwa kuta za pamoja, mifereji ya paa inayomwaga maji kwa mwenzio, madirisha yanayochungulia ua wa watu, na vyoo. Zipo pia rekodi za karne ya 14 za maofisa waliochunguza vifo vya ghafla. Humo ndimo tunamkuta Richard, mzoa taka, aliyekwenda chooni kwake mwaka 1326. Mbao zilikuwa zimeoza, zikavunjika, akatumbukia shimoni na kufa. Ni habari ya mistari michache, lakini ndani yake kuna choo cha mtu wa kipato cha chini, kina cha shimo lake, na ubovu wa mbao zake. Sehemu kubwa ya rekodi hizi imetafsiriwa kwa Kiingereza, na nyingi zinasomeka mtandaoni bure.

Tahadhari moja: aliyeishi kwa amani na jirani yake na kufa kitandani hakuingia katika madaftari hayo. Ukiyasoma peke yake utadhani mji mzima ulikuwa ukigombana.

Firenze ndiyo tajiri kuliko yote kwa maandishi. Mwaka 1427 serikali, ikiwa imekaukiwa na fedha kwa sababu ya vita na Milano, iliagiza kila kaya itangaze mali yake ili ikadiriwe kodi. Mkuu wa kaya alitaja mashamba, bidhaa, madeni, fedha alizowekeza, na kila mtu aliyemlisha pamoja na umri wake. Kwa kila mdomo alipunguziwa florini 200, yaani sarafu za dhahabu za mji, katika thamani ya mali inayotozwa. Nyumba aliyoishi na vifaa vya kazi yake havikutozwa. Mji ulikuwa na kaya kama 10,000, watu wapatao 37,000, na data zao zimewekwa kwenye kompyuta kiasi kwamba mtafiti aliyeko Morogoro au Bukavu anaweza kuzichambua. Katika matamko yenyewe watu wanalalama: huyu ni mgonjwa, yule ana mabinti watatu wa kuozwa, mwingine amedhulumiwa na mshirika wake. Bila shaka wapo waliotia chumvi, kwa kuwa walikuwa wanamwandikia mtoza kodi.

Na jirani kabisa, katika mji wa Prato, nyumba ya mfanyabiashara Francesco Datini, aliyefariki 1410, iliacha barua kama 150,000. Zinahusu bei za sufu, meli, mvinyo, ugomvi wa nyumbani, mashuka yasiyofuliwa. Zama zile zimetuachia hazina chache za nyumba moja zinazoikaribia hiyo.

Bruges ilianza na hasara. Mnara wake wa kengele uliungua mwaka 1280, na kumbukumbu za mji zilizokuwa ndani zikateketea. Yaliyofuata yamesalia vizuri zaidi. Tunayo madaftari ya wabadilisha fedha wawili, Collard de Marke na Willem Ruweel, ya kati ya 1366 na 1370. Wateja wao hawakubeba mifuko ya sarafu. Walisema kwa mdomo "mhamishie fulani kiasi hiki", na karani akaandika. Kipo pia kijitabu ninachokipenda kuliko maandishi yote ya mji huo: mwalimu mmoja wa karne ya 14 alitunga mazungumzo ya kujifunzia, Kifaransa upande huu na Kiflemi upande ule, akayajaza majina ya vyombo vya nyumbani, vyakula, vitambaa na kazi za watu. Anamtaja mmoja baada ya mwingine na kueleza anafanya kazi gani. Ni kama kutembea sokoni ukiwa umeshikwa mkono na mwenyeji. Mtu anayesoma Kifaransa, kama walivyo wasomaji wengi wa Kongo, Rwanda na Burundi, ataona mlango umefunguka hapa, ingawa Kifaransa cha wakati ule kinahitaji uvumilivu.

Riziki

Miji yote mitatu ilikuwa na vyama vya mafundi, ila uzito wa vyama hivyo haukuwa sawa, na wengi huteleza hapa.

Katika London, kijana alijifunza kazi kwa fundi kwa miaka isiyopungua saba, akilala na kula nyumbani kwake. Alipomaliza aliweza kuandikishwa kuwa mwenye haki za mji, yaani kufungua duka na kuuza rejareja kwa jina lake. Waliobaki nje ya mlango huo, wachukuzi, vibarua, wafanyakazi wa nyumbani na wachuuzi, ndio waliokuwa wengi. Mkate ulisimamiwa kwa sheria ambayo mama yeyote wa sokoni ataielewa mara moja: bei ya mkate haikubadilika, uzito ndio uliopanda na kushuka kufuata bei ya ngano. Mwokaji aliyepunja aliburutwa mitaani huku mkate wake ukining'inia shingoni. Mwaka 1327 wakakamatwa waokaji waliotoboa tundu kwenye meza ya kukandia. Majirani walileta unga wao uliokwisha kukandwa ili uokwe. Ukiwekwa mezani, kijana aliyejificha chini aliumega kidogo kidogo kupitia tundu lile. Walifungwa mbele za watu, shingo na mikono ndani ya mbao, na donge la unga likitundikwa shingoni. Fikiria familia maskini iliyohesabu unga wa siku ile, ndipo utaelewa kwa nini mji uliwakasirikia hivyo.

Firenze ilikuwa na vyama 21, saba vikubwa na 14 vidogo, na bila kuwa mwanachama wa kimojawapo hukuweza kushika cheo cha mji. Mwaka 1293 sheria ikaenda mbali zaidi na kuzifungia koo kubwa za mabwana nje ya uongozi. Fedha ya mji, florini ya dhahabu iliyoanza kupigwa 1252, ilikubalika karibu Ulaya nzima. Mwandishi wa habari za mji, Giovanni Villani, ambaye tauni ilimchukua 1348, alihesabu kwamba watu 30,000 waliishi kwa kazi ya sufu. Hata kama alizidisha, kazi yenyewe haina shaka: mwenye mtaji alinunua sufu, akaipitisha kwa wachambuaji, wasokotaji, wafumaji na watia rangi, kila mmoja akilipwa kwa kipande chake. Wengi wa vibarua hawa hawakuruhusiwa kuwa na chama. Mwaka 1378 walisimama, wakaiteka ikulu ya mji, wakamweka mchambua sufu Michele di Lando kuwa kiongozi, na kuundiwa vyama vyao. Chama cha walio chini kabisa kikavunjwa kabla mwaka haujaisha. Mtu anayetafuta historia ya mapambano ya wafanyakazi hana haja ya kwenda kwingine.

Bruges pia ilifuma sufu, nyingi ikitoka Uingereza, na wafumaji na waliokanyaga vitambaa majini ili vishikane hawakuwa wanyonge. Asubuhi ya 18 Mei 1302 waliwashambulia askari wa mfalme wa Ufaransa mjini kwao, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo jeshi la miguu la miji ya Flanders likawaangusha wapiganaji wa farasi wa Ufaransa karibu na mji wa Kortrijk. Tangu hapo vyama vya mafundi vikapata viti katika uongozi wa mji. Lakini uhai wa Bruges ulikuwa wageni: Wajerumani wa Hansa (umoja wa miji ya biashara ya kaskazini), Waitalia, Waingereza, Wahispania. Bidhaa zilipita mkono wa bahari ulioitwa Zwin, zikahamishiwa mashua ndogo, zikainuliwa kwa kreni ya mbao iliyozungushwa na watu waliotembea ndani ya gurudumu lake. Mgeni alifikia kwa mwenyeji, na mwenyeji huyo, pamoja na madalali wake, alimtafutia wanunuzi, akamtunzia mzigo, hata akamdhamini. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliikuta desturi iliyofanana na hii: kila mfanyabiashara aliyeshuka chomboni alikuwa na mwenyeji wake, na ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Pwani mbili zisizojuana zilikuwa zimetatua tatizo moja kwa njia moja. Familia moja ya wenyeji wa Bruges iliitwa Van der Beurse, na kutokana na jina lao na uwanja uliokuwa mbele ya nyumba yao, Kifaransa kikapata neno "bourse" la soko la hisa.

Nyumba, maji na uchafu

Dhana kwamba watu wale waliishi ndani ya uchafu bila kujali haivumilii dakika tano za kusoma rekodi za London. Walijali, na walishtakiana. Mwaka 1314 Alice Wade alifikishwa mbele ya wasimamizi wa mji kwa sababu alikuwa ameunganisha choo chake cha ghorofani kwa bomba la mbao hadi kwenye mfereji uliokusanya maji ya mvua, mfereji uliokuwa ukisafisha choo cha umma. Uchafu ukaziba, harufu ikawashinda majirani ambao mfereji ulipita chini ya nyumba zao, akaamriwa aliondoe bomba. Maji safi yalianza kuvutwa kutoka chemchemi za Tyburn mwaka 1245, kwa mabomba ya risasi, hadi Cheapside, mtaa mkuu wa soko. Nyumba zilikuwa za mbao na udongo, na moto ulikuwa hofu ya kila usiku. Baada ya moto wa 1212 mji ulipiga marufuku mapaa ya nyasi.

Firenze ilijengwa kwa mawe. Koo za mabwana zilikuwa na minara ya kupigania, hadi mwaka 1250 serikali ilipoamuru ishushwe isizidi dhiraa 50, kama mita 29. Mto Arno ulikuwa neema na msiba: uliosha sufu, ukasukuma vinu, na mwaka 1333 ukafurika na kubeba madaraja. Bruges ilikuwa na mifereji kila upande, mabomba ya maji chini ya mitaa, na ukumbi mkubwa uliojengwa juu ya maji sokoni, mashua zikipakuliwa chini ya paa. Kwa kigezo hiki, London ndiyo inayokuingiza ndani ya ua wa mtu.

Wanawake, watoto na wasio na sauti

Mwanamke aliyeolewa London aliweza kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe, akadai na kudaiwa bila mumewe. Wasokota hariri wa mji hawakuwa na chama rasmi, lakini mwaka 1368 walikwenda kwa meya kumshtaki Mwitalia mmoja kwa kununua hariri yote ghafi na kupandisha bei. Huo ni ushahidi wa wanawake waliojua soko lao na waliojua pa kupeleka shauri.

Bruges ilikuwa na njia nyingine. Tangu 1245 palikuwa na makazi yaliyotambuliwa ya wanawake walioishi maisha ya sala na kazi bila kula kiapo cha kudumu cha watawa. Aliyetaka kutoka na kuolewa aliweza. Katika zama ambazo binti alitazamiwa kuwa wa mume au wa monasteri, uwanja huo wenye nyumba zake na geti lake ulikuwa kitu adimu.

Firenze ni ngumu zaidi kuisoma, na ninamwomba msomaji asiikwepe. Msichana aliolewa akiwa na miaka kama 18 na mwanamume aliyekaribia 30. Familia ya binti ndiyo iliyopeleka mali kwa mume, kinyume cha mahari tunayoijua sisi, na mzigo huo ulikuwa mzito hadi serikali ikaanzisha mfuko wa akiba wa mabinti mwaka 1425. Mwaka 1445 kituo cha watoto waliotupwa kilifungua milango, na wengi waliopokelewa walikuwa wasichana. Na kuna watumwa. Mwaka 1363 mji uliruhusu kuingizwa watumwa wasiokuwa Wakristo, hasa wanawake na wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi, Watatari na wengineo, wafanye kazi za nyumbani. Katika nyumba ya Datini mjakazi mtumwa aliyeitwa Lucia alimzaa Ginevra, binti wa bwana mwenyewe, na mke wa Datini, Margherita, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlea. Margherita alijifunza kuandika akiwa mtu mzima na barua zake tunazo. Za Lucia hatuna hata moja. Mtu anayetoka pwani yetu, ambako majina ya wajakazi wa namna hiyo yamepotea katika koo nyingi, atausikia ukimya huo kwa namna yake.

Kilichobaki kwa macho

Bruges inashinda kwa urahisi. Zwin ilijaa mchanga, biashara ikahamia Antwerp, na umaskini uliofuata ukaviokoa vilivyojengwa: mnara wa mita 83, hospitali ya Mtakatifu Yohane iliyoanza karne ya 12, makazi ya wale wanawake. Firenze ina daraja la Ponte Vecchio la 1345 na nyumba ya Davanzati ya karne ya 14, ambamo kisima kimoja kinafikiwa kutoka kila ghorofa. London iliungua 1666, nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea; umebaki ukumbi mkuu wa mji wa karne ya 15, vipande vya ukuta, na makanisa machache.

Nani aanze wapi

Unayeandika tasnifu na unasoma Kiingereza tu, anza London, kwa sababu utagusa rekodi zenyewe bila mkalimani. Ukipenda takwimu, na una subira ya kujifunza Kiitaliano kidogo, Firenze itakulisha miaka mingi. Usichukue mji mzima, chukua mtaa mmoja wa 1427.

Mwandishi wa riwaya namgawa mara mbili. Kama hadithi yako ni ya familia, ndoa, wivu na urithi, nenda Firenze, na uanze na barua za Margherita. Kama ni ya mgeni anayefika mji asioujua, akiwa na bidhaa, lugha mbovu na mtu mmoja tu wa kumwamini, Bruges imekuandalia kila kitu, pamoja na kijitabu cha mazungumzo ambacho mhusika wako angekibeba mfukoni.

Mwalimu mwenye kipindi kimoja cha dakika 40 achukue waokaji wa 1327 na Alice Wade. Wanafunzi wataelewa kabla hujamaliza kusoma, na maswali yatakuja yenyewe: nani aliandika, nani alimshtaki nani, faini ilikwenda wapi. Mwenye kufuatilia wafanyakazi na madai yao asome Firenze ya 1378 sambamba na Bruges ya 1302, kwa sababu pande zote mbili walishinda, na upande mmoja tu ukaweza kukishika ulichokipata.

Na ndugu mliopo Ulaya, mlio na Jumamosi moja tu na watoto wa kutembeza, pandeni treni ya Bruges. Nendeni kwanza kwenye wodi ya ile hospitali ya zamani, wakati hapajajaa, ndipo mpande mnara. Ngazi ni 366, kwa hiyo maji ya kunywa myabebe.